NI MKONO WA NANI? HABARI ZA BAISKELI YA FURERE

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mliosoma hapa zamani, bila shaka mnaikumbuka fremu ya rangi ya machungwa iliyotundikwa juu ya mlango wa karakana ya shule yetu hapa Mbugangari. Wengine wenu mliipanda ilipokuwa na magurudumu. Sisi wa siku hizi tumeikuta mifupa mitupu: haina magurudumu, haina mnyororo, haina usukani, ila fremu na foko yake tu. Ubavuni imeandikwa Eddy Merckx, nayo maandishi yamechakaa hata herufi mbili hazisomeki.

Tangu mwaka wa kwanza tumekuwa tukiambiana habari moja juu yake. Husemwa kwamba fremu hiyo ilitengenezwa Italia na fundi Ugo De Rosa, kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili ya Merckx, bingwa mkubwa wa Ubelgiji aliyeshinda Tour de France mara 5. Kisha ikapita kwa huyu na huyu mpaka ikamfikia Furere aliyeileta hapa mwaka 2001. Mimi ndiye niliyekuwa nikiisimulia habari hiyo kuliko wote. Kila mwaka, wanafunzi wapya walipofika, niliwapeleka chini ya mlango ule nikawaonyesha kwa kidole. Hata insha niliiandika juu yake, nikapata alama nzuri.

Basi mwaka huu alikuja mfanyabiashara mmoja. Aliitazama fremu, akaipiga picha, akasema ya kuwa wako watu Ulaya wanaokusanya baiskeli za kale za mashindano, na kama hii ni ya De Rosa kweli, atatoa fedha za kutosha kuezeka upya karakana yote. Paa la karakana mnalijua. Mvua ya Aprili ikinyesha, tunafanya kazi ya useremala huku tumeweka ndoo mezani.

Mkuu wa shule akauliza, "Nani asema ni ya De Rosa?" Macho yote yakanigeukia mimi. Nikajibu, "Watu wote wasema, Padri." Akaniuliza, "Watu wote ndio nani?" Sikuwa na jibu. Ndipo akatwambia maneno haya: "Tukiiuza kwa jina lisilo lake, tumedanganya. Tukiiuza kama chuma kikuukuu, kumbe ni ya De Rosa, tumeibiwa. Ninyi watatu wa karakana nawapa majuma mawili. Nendeni mkaiulize yenyewe."

Nataka kuwaeleza tuliyojifunza katika majuma hayo mawili, maana ni elimu inayofaa hata kwa mtu asiyependa baiskeli.

JINA NA MKONO NI VITU VIWILI

Kwanza yafaa tujue fremu ya zamani ilivyotengenezwa. Ni mabomba membamba ya chuma cha pua. Mwisho wa kila bomba huingizwa ndani ya kipande cha chuma kilicho kama kikombe, ambacho hapa nitakiita soketi. Kisha fundi hupasha moto mpaka soketi iwe nyekundu, ndipo huyeyusha shaba ya njano kwa moto wa karibu nyuzi 900. Shaba huingia kati ya bomba na soketi kama maji yaingiavyo katika kitambaa. Ikipoa, fundi hushika tupa akasawazisha mahali palipoungwa.

Kazi hii yaonekana nyepesi, lakini si nyepesi. Mabomba ya mashindano ni membamba mno. Aina mashuhuri ya Italia, iitwayo Columbus SL, ina unene wa milimita 0.6 tu katikati ya bomba, na milimita 0.9 kwenye ncha zake ambako moto hupita. Fundi akizidisha moto, chuma hupoteza nguvu. Akipunguza, shaba haifiki ndani, nayo fremu itaachia siku moja mpandaji akiwa katika mteremko. Kwa sababu hiyo wapanda baiskeli wa zamani hawakuamini kiwanda, waliamini mtu. Bingwa alikuwa na fundi wake kama vile tajiri alivyo na fundi wake wa kushona suti, anayejua urefu wa mguu wake na mgongo wake.

Lakini, na hapa ndipo penye jambo lenyewe, jina lililoandikwa juu ya fremu lilikuwa jina la mwenye kuuza au la mwenye kulipa. Halikuwa lazima liwe jina la aliyeshika moto na tupa.

Chukueni mfano mmoja. Tarehe 25 Oktoba 1972, mjini Mexico City, Merckx aliendesha baiskeli kwa muda wa saa moja akapita kilomita 49.431, nayo ikawa rekodi ya dunia. Baiskeli ile ilikuwa na uzito usiofika kilo 6, hata mnyororo wake ulikuwa umetobolewa matundu ili upungue uzito. Juu yake paliandikwa Windsor, nalo ni jina la kiwanda cha Meksiko. Je, ilitengenezwa Meksiko? La. Aliyeitengeneza ni Ernesto Colnago, fundi wa Cambiago karibu na Milano. Mpandaji Mbelgiji, jina la Meksiko, mkono wa Mtaliano! Leo baiskeli hiyo huonyeshwa Brussels, katika kituo cha treni ya chini ya ardhi kilichopewa jina la Merckx.

Colnago naye alianza chini ya jina la wengine. Akiwa mvulana alifanya kazi katika kiwanda cha Gloria mjini Milano, ndipo mwaka 1954 akafungua chumba chake kidogo cha kazi kijijini kwake.

Yuko pia Faliero Masi. Karakana yake ilikuwa Milano, chini ya majukwaa ya uwanja wa Vigorelli, ambamo watu walishindana kwa baiskeli. Mabingwa wa makampuni mbalimbali walikwenda kwake, naye akawapima na kuwatengenezea. Fremu ikiisha ilipakwa rangi ya kampuni ya mpandaji na kubandikwa jina la kampuni, watazamaji wasijue. Baadaye, katika miaka ya 1970, jina la Masi liliuzwa Marekani, na fundi Mario Confente akatoka Italia akaenda kutengeneza fremu za Masi katika mji wa Carlsbad, California. Kwa hiyo hata neno Masi peke yake halikwambii kama fremu ilizaliwa Milano au ng'ambo ya bahari.

Wa mwisho nitakayemtaja ni Dario Pegoretti, aliyefariki mwaka 2018. Alifundishwa kazi na Luigino Milani wa Verona, baba wa mkewe. Kwa miaka mingi alitengeneza fremu zilizotoka na majina ya makampuni mengine, na kati ya waliozipanda hutajwa Miguel Indurain na Marco Pantani. Baadaye ndipo alipoanza kuandika jina lake mwenyewe, na watu wakashangaa kujua ya kwamba walikuwa wamemjua siku nyingi pasipo kumjua.

KWA NINI MAFUNDI WALIKUBALI?

Labda msomaji atauliza, kwa nini mtu akubali kazi ya mkono wake itwae jina la mwingine? Sisi watatu tulibishana sana juu ya jambo hili, na nadhani sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni fedha za timu. Zamani timu za mashindano zililipiwa na viwanda vya baiskeli. Mwaka 1954 Fiorenzo Magni alileta fedha za Nivea, kampuni ya mafuta ya kujipaka, na tangu hapo makampuni ya kila namna yakaingia: Faema waliotengeneza mashine za kahawa, Molteni waliotengeneza soseji. Kampuni iliyotoa fedha ilitaka jina lake lionekane. Mpandaji naye alimtaka fundi wake. Njia ya kuwaridhisha wote wawili ilikuwa fundi atengeneze na kampuni iandike.

Sababu ya pili ni wingi wa kazi. Katika miaka ya 1970 watu wa Marekani na Ulaya walizitamani sana baiskeli za Italia. Karakana yenye mafundi wanne au watano haiwezi kutoa fremu za kutosheleza nchi nzima. Basi mwenye jina aligawa kazi kwa karakana nyingine ndogo. Waitalia huwaita mafundi hao terzisti, maana yake watu wa tatu: si muuzaji wala si mnunuzi, bali yule asiyetajwa.

Sababu ya tatu ni kwamba kuuza ni kazi nyingine. Fundi anayetengeneza kwa jina la mwingine hulipwa, hahangaiki na matangazo wala wadeni, hurudi kwenye moto wake. Mwenzangu mmoja alisema huo ni wizi. Mwingine akasema si wizi ikiwa wamepatana. Mimi nasema hivi: fundi hakuibiwa mshahara wake, lakini aliyenunua aliuziwa jina akidhani amenunua mkono.

Wala msidhani mambo haya ni ya zamani tu. Tarehe 28 Septemba 2025, tulipokuwa tumejaa mbele ya televisheni kutazama mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali, Tadej Pogačar alishinda akiwa juu ya baiskeli ya Colnago. Tulipiga kelele, "Italia!" Lakini tangu mwaka 2020 sehemu kubwa ya kampuni ya Colnago ni mali ya watu wa Abu Dhabi, na fremu nyingi za siku hizi za nyuzi za kaboni zenye majina ya Kitaliano hutengenezwa Taiwan na China. Mikono ya huko ni hodari, nami siwadharau. Nasema tu kwamba jina husafiri upande mmoja na kazi upande mwingine.

NJIA NNE ZA JINA MOJA

Sasa turudi kwenye fremu yetu. Kwanza tuliuliza: fremu yenye jina Eddy Merckx yaweza kuwa imetoka wapi? Tukaona njia nne.

Njia ya kwanza ni fremu za Merckx mwenyewe alipokuwa akishindana. Masi alimtengenezea, kisha Colnago, na tangu mwaka 1973 mpaka alipoacha mashindano mwaka 1978 fundi wake alikuwa De Rosa. Fremu hizo ziliandikwa jina la Merckx, si la fundi. Njia ya pili ni baiskeli za kuuzwa madukani, ambazo katika miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa idhini ya Merckx na kiwanda cha Kessels mjini Ostend, kwenye pwani ya Ubelgiji. Njia ya tatu ni zile zilizotengenezwa Uingereza na kiwanda cha Falcon, nazo pia kwa jina lake. Njia ya nne ni kiwanda cha Merckx mwenyewe kilichofunguliwa Meise, Ubelgiji, mwaka 1980, ambako De Rosa alisaidia kuwafundisha mafundi.

Basi jina ni moja na njia ni nne. Mtu anayesema, "Imeandikwa Merckx, kwa hiyo ni De Rosa," ni kama mtu anayesema, "Anaitwa Habimana, kwa hiyo ni yule Habimana jirani yetu."

MASHAHIDI WATANO

Tuliita mashahidi watano, nasi tukawasikiliza mmoja mmoja.

Shahidi wa kwanza ni rangi na maandishi. Huyu ndiye msemaji sana, tena ndiye mwongo. Rangi hupakwa upya. Maandishi hununuliwa dukani na kubandikwa. Rangi ya machungwa ilikuwa ya timu ya Molteni, na ndiyo iliyonidanganya mimi miaka yote. Lakini kila aliyetaka kufanana na bingwa aliipenda rangi hiyo. Tukamwambia shahidi huyu akae chini.

Shahidi wa pili ni hesi. Pale chini, penye bomba fupi linalopitisha ekseli ya pedeli, pana hesi pande zote mbili. Hesi ya Kitaliano ina kipenyo cha milimita 36, bomba lake lina upana wa milimita 70, na pande zote mbili hufunguliwa kwa kuzungusha kushoto, kama skrubu ya kawaida. Hesi ya Kiingereza ni nyembamba kidogo, bomba lake ni milimita 68, na upande wa kulia, ulio na mnyororo, hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Tuliweka kalipa: milimita 68. Tukatia mafuta, tukangoja usiku kucha, asubuhi tukashika spana. Upande wa kulia tulizungusha kushoto, haukuenda. Tulipozungusha kulia ulilia kidogo, ukafunguka. Mwenzangu akanitazama. Nami nikamwambia, "Ngoja kwanza," maana ni kweli kwamba baadhi ya Waitalia walikata hesi ya Kiingereza kwa baiskeli za kupelekwa nje. Lakini moyoni nilikwisha kuona giza.

Shahidi wa tatu ni bomba lenyewe. Kiwanda cha Columbus, ambacho asili yake ni mwaka 1919 mjini Milano, kilitia alama ndani ya bomba la foko la aina ya SL: mistari mitano iliyoinuka na kuzunguka kama kamba iliyosokotwa, ili kulitia nguvu. Huhitaji mashine kuiona. Ingiza kidole chako cha mwisho kutoka chini, utaisikia. Tuligeuza foko yetu, tukasafisha kutu, tukaingiza kidole kwa zamu. Bomba lilikuwa laini ndani kama koo la chupa. Hata hapo si ushahidi wote, kwa maana mafundi wa Italia walinunua mabomba mengine pia. Lakini ni vigumu kuamini kwamba De Rosa angempa Merckx foko kama hii.

Shahidi wa nne ni soketi na tupa. Hapa ndipo fundi anapoacha mwandiko wake. Vyuma vya kushikia gurudumu la nyuma vya Campagnolo vilinunuliwa na mafundi wa nchi zote, hivyo havisemi kitu. Lakini fundi alipenda kukata alama yake katika soketi. Colnago, tangu Michele Dancelli aliposhinda Milano–San Remo mwaka 1970 juu ya baiskeli yake, alichukua ree ya pau, ile ya karata, ikawa alama yake. De Rosa alama yake ni kopa, yaani moyo. Fundi asiyekata alama bado huacha kitu: kingo za soketi amezikonda kiasi gani, shaba imejaa sawasawa au imemwagika. Soketi za fremu yetu hazina kopa wala pau. Kingo zake ni nene, hazikukondwa kwa tupa, kama ilivyo kazi ya kiwanda inayotoka nyingi kwa siku. Si kazi mbaya. Ni kazi ya haraka.

Shahidi wa tano ni watu. Karakana ndogo nyingi hazikuweka daftari, na nambari zilizopigwa chini ya fremu mara nyingi ni kipimo tu. Kwa hiyo hubaki kumbukumbu za watu. Tuliwaandikia wanafunzi wa zamani saba, na wanne walijibu. Mmoja wao, aliyemaliza hapa mwaka 2005, alituandikia kwamba Furere alizoea kuwaambia hadithi za bahari ya kwao, na kwamba baiskeli ile aliinunua akiwa kijana, mpya, katika duka la Ostend, kwa mshahara wake wa kwanza wa likizo.

Hapo tukafunga daftari. Hesi ya Kiingereza, bomba lisilo na mistari, soketi za kiwanda, na duka la Ostend: njia ni ya pili. Fremu ya Furere ni baiskeli ya kuuzwa dukani, iliyotengenezwa Ubelgiji na watu wasioandikwa majina, kwa idhini ya bingwa. De Rosa hakuigusa kamwe. Mimi nilikuwa nimewekeana sharti na mwenzangu, nikalipa mandazi ya juma zima. Mandazi hayakuniuma. Kilichoniuma ni wale wanafunzi wapya wa miaka mitano niliowaonyesha kwa kidole.

MKONO TULIOUPATA

Lakini barua ile ya mwanafunzi wa zamani ilikuwa na jambo jingine. Alisema kwamba mwaka 2004 kijana mmoja aliiazima baiskeli bila ruhusa, akateremka nayo mteremko wa Nyundo, akagonga ukingo wa barabara. Kijana alipona, bomba la chini likapasuka nyuma ya soketi ya mbele. Furere aliipeleka kwa fundi wa hapa hapa Mbugangari.

Tulikwangua rangi mahali hapo. Ni kweli: chini ya rangi palikuwa na shaba nyingine, nyekundu zaidi, iliyojaa sawasawa pande zote. Na mistari ya tupa ililala upande wa kushoto, kinyume cha soketi nyingine zote.

Tuliuliza sokoni, tukaonyeshwa nyumba. Mzee alikuwa ameketi kivulini, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Tulimsalimu, tukaweka fremu magotini pake, wala hatukumwambia tumetoka wapi. Alipitisha kidole gumba kutoka nyuma kwenda mbele. Kilipofika penye shaba kikasimama. Akasema, "Hii ni yangu."

Tulipostaajabu akacheka. "Mnashangaa nini, wanangu? Ninyi hamjui mwandiko wenu? Mimi natumia mkono wa kushoto. Tupa yangu hulala hivi." Akatueleza kazi ilivyokuwa: alipasha moto kwa mkaa na mvukuto, akaingiza kipande cha bomba ndani ya lile lililopasuka kama gango, akaunga kwa shaba ya koki za maji zilizovunjika. Tulimwambia kwamba miaka ishirini na zaidi imepita na kiungo hakijaachia. Akajibu, "Kingeachia ningesikia. Mji huu ni mdogo."

Kisha akatwambia jambo ambalo nimelifikiri sana. Alipokuwa kijana alikuwa akivuka mpaka kwenda Goma kuuza vipande vya matairi makuukuu. Walionunua ni mafundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli ibebayo mizigo ya mamia ya kilo, viazi, makaa na mbao, ambayo mwaka 2009 mji wa Goma uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Chukudu hukatwa katika mti wa mkaratusi na miti mingine migumu, na magurudumu yake ya mbao huvikwa mpira wa tairi. Haina jina popote. "Lakini," akasema Mzee, "muulize mwenye chukudu ni nani aliyemkatia, atakutajia mtu, na nyumba, na mke wa mtu. Kwa sababu gurudumu likivunjika atarudi pale pale. Baiskeli zenu za Ulaya zina jina kubwa ubavuni, nanyi mmehangaika majuma mawili."

Sikuwa na la kumjibu. Kweli ni kwamba fundi hujulikana pale ambapo mtumiaji anaweza kurudi kwake. Fremu ikipita katika maduka na meli na mikono kumi, jina hubaki na mkono husahauliwa. Atakaye kujua itampasa arudi nyuma hatua kwa hatua, kama tulivyofanya sisi, akimwuliza kila shahidi asije akaridhika na yule anayesema kwa sauti kubwa.

MWISHO WA MAMBO

Mkuu wa shule alimpigia simu yule mfanyabiashara, akamweleza yote bila kuficha. Mfanyabiashara akasema kwamba kwa bei mpya haioni faida ya safari. Alikuwa mtu wa adabu, akatutakia heri. Kwa hiyo fremu imerudi juu ya mlango, na paa la karakana bado linavuja.

Chini ya fremu tumepigilia kibao kipya, chenye mistari mitatu. Wa kwanza wasema: Jina, Eddy Merckx. Wa pili: Iliundwa Ubelgiji na mafundi wa kiwanda. Wa tatu una jina la Mzee wetu, na mwaka 2004, na neno Mbugangari. Yeye mwenyewe aliomba jina hilo lisichapwe katika gazeti, ila liandikwe pale tu. Hivyo atakayetaka kulisoma na aje. Wanafunzi wapya walipofika, niliwapeleka chini ya mlango kama desturi yangu, nikawaambia kwanza kwamba ndugu zao wakubwa niliwadanganya, kisha nikawaambia habari ya kweli. Waliuliza maswali mengi kuliko wale wa zamani.

Ninyi wanafunzi wa zamani, nina maombi mawili kwenu. La kwanza: aliye na picha ya baiskeli hii ilipokuwa nzima, au anayemkumbuka Furere akiipanda, na amwandikie Mhariri. Tungependa kujua magurudumu yalikwenda wapi. La pili: karakana yahitaji mabati 40. Hatuna tena De Rosa wa kutulipia.

Mwanafunzi, Mwaka wa Sita